Jicho la Kulia la Bibi wa Mkolani

Kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kuwafuata majumbani watu waliopasuliwa mtoto wa jicho kisha wasirudi hospitali. Mimi ni muuguzi wa macho, na kabla ya hapo nilikuwa wodini, nikiwafungua watu bandeji na kuwatia dawa ya matone. Daktari aliyeongoza utafiti wetu alitaka kujua jambo moja: baada ya upasuaji watu wanaona kiasi gani, wiki ya sita, na tena mwaka ukishapita? Waliorudi kliniki walipimwa palepale. Wasiorudi walikuwa wangu. Nilipewa orodha, kishikwambi cha kujazia fomu, kamba ya kupimia umbali, kibao cha herufi E, na dereva wa mradi ambaye kwa wilaya nzima ya Nyamagana hakuwahi kuuliza njia.

Kibao kile hakihitaji mtu ajue kusoma. E imechapwa imegeuzwa huku na huku, miguu yake ikitazama juu, chini, kulia au kushoto, kubwa kwanza, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi. Mtu anakaa mwisho wa kamba na kuonyesha kwa mkono miguu imeelekea wapi. Anapimwa jicho moja moja, na lile jingine ni lazima lizibwe. Tulifundishwa kuziba kwa pamba na plasta, kingo zote zigande, mtu asiweze kuchungulia hata akitaka.

"Wagonjwa wetu ni waungwana mno," daktari alituambia siku ya mafunzo. "Watataka kukufurahisha wewe uliyewafuata kwao. Msiwape nafasi hiyo."

Alikuwa mzaliwa wa Mwanza, wa familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa mjini tangu enzi za babu zake, na aliongea Kisukuma na wazee kiasi cha kuwachekesha wakiwa wamelala juu ya meza ya upasuaji. Mimi niliyezaliwa Majita, maji ya ziwa yakiwa mlangoni, nilihitaji mkalimani kila nilipovuka Mkolani. Nilimwogopa kidogo. Hakuwa mkali, ila alisoma kila fomu. Ukiacha kisanduku kimoja wazi, kesho yake alikuuliza.

Katika mwezi wangu wa tatu plasta ziliisha. Niliomba stoo nikaambiwa wiki ijayo. Ningeweza kusimamisha kazi, lakini orodha ilikuwa ndefu na wiki ya sita ya mtu haisubiri stoo. Basi nikaanza kuwaambia watu wazibe jicho kwa kiganja. Kila mtu duniani anajua kuziba jicho kwa kiganja. Sikumwambia yeyote, kwa sababu sikuona kama ni jambo la kuambia mtu.

Ndivyo nilivyompima yule bibi wa Mkolani.

Alikuwa mrefu, mkavu, kichwa amekifunga kitambaa cheupe. Aliishi na binti yake na mjukuu wa kike ambaye alikuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta. Jicho lake la kulia, lililokuwa bovu zaidi, ndilo lililopasuliwa. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho aliyeanza tu. Nilimkalisha kwenye kigoda uani, nikapima mita sita mpaka penye mlango, dereva akashika kibao. Jua lilikuwa kali na ile ilikuwa nyumba ya mwisho ya siku.

"Ziba la kushoto, bibi."

Akaziba. Akaonyesha juu, kulia, chini, kushoto, bila kusita, mpaka mstari wa nne.

"Ninaona vizuli, sista," akasema. "Mungu awabaliki."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, karatasi mkononi. Alikuwa amepata kazi ya upishi kwenye kambi ya wachimbaji huko Geita. Kule watoto hawaruhusiwi.

"Sista, kwa hiyo mama anaona?"

"Anaona vizuri."

"Kiasi cha kubaki na huyu?" Akamwonyesha mtoto kwa kidevu.

"Kwa jicho hili? Bila shaka."

Maneno hayo niliyatoa mwenyewe. Hayakuwa kwenye fomu, na hakuna aliyenituma kuyasema. Nilikuwa nakunja kamba.

Zikapita siku, plasta zikaja, nikaendelea na kazi. Karibu mwaka baadaye jina lake likatokea tena kwenye orodha, kipimo cha pili, na tena hakuwa amekuja kliniki. Mvua ilikuwa imechimba barabara, tukaliacha gari chini na kupanda kwa miguu katikati ya mawe. Tulimkuta uani anamenya viazi vitamu. Hakuangalia kisu wala kiazi. Uso wake ulikuwa umeinuka kidogo, umetazama ukutani, na kidole gumba kilikuwa kinatangulia mbele ya kisu kikipapasa ganda.

Mjukuu alikuwa amekua, wa miaka miwili hivi, anachezea vifuniko vya chupa. Kiunoni alikuwa amefungwa kipande cha kitenge, na mwisho wa pili wa kitenge ulikuwa umefungwa kwenye kifundo cha mkono wa bibi.

Nilisimama. Dereva naye akasimama, akaniangalia, akashusha macho.

"Shikamoo, bibi."

"Malahaba, mwanangu. Ni sista wa E?" Alicheka. "Sauti yako siisahau. Kalibuni."

Nilitoa pamba na plasta. Aliposikia plasta ikichanika akarudisha kichwa nyuma.

"Hiyo inawasha, mwanangu. Acha nizibe mwenyewe kama siku ile."

Kama siku ile. Nilimwambia safari hii ni lazima plasta, utaratibu ni huo, na huku nikisema nilikuwa tayari najua. Nikaziba jicho la kushoto, nikabana kingo moja baada ya nyingine. Dereva akainua kibao.

Mkono wa bibi uliinuka, ukabaki hewani, ukashuka pajani.

Tukasogea mita tatu, kisha moja. Nikaweka kibao chini, nikainua vidole viwili mbele ya uso wake.

"Vidole vingapi, bibi?"

"Vitatu," akasema. Halafu, "Viwili? Ni viwili?"

Nikabandua, nikaziba la kulia. La kushoto nalo lilikuwa limekwisha kuwa jeupe katikati. Aliona mkono wangu ukipita, na zaidi ya hapo hakuona kitu.

"Bibi," nikasema, "siku ile ulichungulia?"

Alivuta kitenge kidogo, kama kuhakikisha mtoto yuko. "Nilichungulia. Hili la kushoto lilikuwa bado lina nguvu. Nikaachia vidole kidogo tu."

"Na la kulia?"

"La kulia tangu walipolifungua lina ukungu. Watu walipiga vigelegele pale wodini, nami nikacheka nao. Yule daktali alinitania muda wote wa kupasuliwa. Nimwambie nini? Kazi yake imehalibika?" Akapapasa kiazi kingine. "Na binti yangu alikuwa amesimama pale na balua yake. Nikasema hili moja litanitosha."

Nikauliza kuhusu kitenge, kwa vile ndicho kilichokuwa mbele yangu.

"Mwezi uliopita alitoka mpaka balabalani. Kijana wa bodaboda akamludisha amembeba. Mimi nilikuwa nafikili yuko nyuma yangu. Nilikuwa ninaongea naye." Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akisema jambo la kutisha vile kwa upole.

Nilitaka kumpigia binti simu palepale. Bibi akanikamata mkono, akakosea akakamata kishikwambi, akakamata tena. "Usimwambie. Ataacha kazi. Tafadhali mwanangu."

Nilimtafuta mama jirani, mshonaji aliyekuwa na cherehani barazani kwake. Nikamweleza kwa kifupi kwamba macho ya bibi yamezidi kuharibika na anahitaji hospitali. Akakubali kukaa na mtoto mchana. Alisema alikuwa ameshangaa siku nyingi, ila bibi alimwambia wataalamu wamempima na kumkuta mzima. Wataalamu ndio mimi. Nikampangia bibi siku ya kliniki, nikajaza fomu ya siku hiyo kwa ukweli wote, tukashuka kwenye mawe. Garini dereva aliwasha redio, akaizima.

Ile fomu ya siku ya kwanza sikuigusa.

Ilikuwa Alhamisi. Alfajiri ya Ijumaa, nyumbani kwangu Butimba, nilisimama mbele ya kalenda ukutani nikaziba jicho langu kwa kiganja. Nikaachia vidole upana wa uzi, nikasoma tarehe zote. Mwanangu mkubwa aliyekuwa anavaa sare ya shule akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia, "Nitazame. Nimeziba au sijaziba?" Akasema umeziba. Nikaachia zaidi. "Na sasa?" Umeziba, mama. Akaenda shule. Mimi nilikaa kitandani na kiatu mguu mmoja.

Maana hakuwa bibi peke yake. Nilipekua nakala ya ombi la plasta nililopeleka stoo, na siku plasta zilipofika, nikapata siku tisa za kazi katikati. Nikafungua kishikwambi nikatazama majina ya siku hizo tisa. Karibu wote nilikuwa nimeandika wanaona vizuri. Nilijaribu kukumbuka kila mmoja: huyu mzee wa Igoma alikuwa na mkono mnene, asingeweza kuachia vidole. Huyu mama aliinamisha kichwa, kwa nini aliinamisha? Kumbukumbu haikunisaidia. Kadiri nilivyomtafuta mtu kichwani ndivyo alivyozidi kuchungulia.

Chakula kilinishinda siku hizo. Kila simu ilipolia nilidhani ni Mkolani, mtoto ameangukia jiko, mtoto amegongwa. Jumamosi nilimpigia mama jirani mara nne, mara ya nne akasema, "Sista, mtoto yuko hapa anakula ubwabwa. Wewe una nini?" Jumapili kanisani nilisimama wakati wenzangu wamekaa. Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine ninayoona haya kuisema: mkataba wangu ulikuwa karibu kuhuishwa, na hakuna mtu, hakuna hata mmoja, ambaye angeweza kujua. Bibi asingesema. Fomu mbili za mtu mmoja zikitofautiana kwa mwaka, daktari angedhani jicho limeharibika baadaye. Macho huharibika.

Jumatatu nilimkuta daktari ofisini kabla ya kliniki, anakunywa chai huku anasoma fomu. Sikukaa.

"Daktari, kuna siku nilipima bila plasta."

Akaweka kikombe. "Siku ngapi?"

"Tisa."

"Walizibaje?"

"Kwa kiganja."

Nikamweleza yote, bibi, vidole, kitenge, bodaboda. Hata lile "bila shaka" nililisema. Yeye alikuwa ananiangalia tu. Nje wagonjwa walikuwa wameanza kukaa kwenye mabenchi, nasikia fimbo zikigonga sakafu.

"Ungenyamaza nisingejua," akasema mwishowe.

"Najua."

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Leo Jumatatu."

"Ndiyo, daktari."

Hakuniongezea neno juu ya hizo siku nne, na hadi leo natamani angeniongezea. Alichukua karatasi akaanza kuandika. Kamati ya maadili itaarifiwa leo. Wote wa siku zile tisa watapimwa upya. "Lakini si na wewe," akasema. "Wewe sasa utampima kila mtu ukitaka awe mzima. Nenda kwenye simu. Uwaite."

Wiki tatu zilizofuata nilikaa kwenye chumba kidogo kando ya stoo nikiwapigia watu wale wale niliowapima, kuwaomba wakubali kupimwa tena. "Kwani nina tatizo?" waliuliza. Niliwajibu kama tulivyokubaliana: kipimo cha kwanza hakikufanywa sawasawa, kosa ni letu. Mara ya kwanza nilisema "letu." Baadaye nikaanza kusema "langu," kwa kuwa neno lile la kwanza lilinikaa vibaya mdomoni. Aliyekwenda kupima alikuwa muuguzi mwenzangu wa timu nyingine, mwanamke mwenye uso usioficha kitu. Kila alasiri gari liliporudi nilitoka mlangoni nikausoma uso huo kabla hajashuka. Wengi walikuwa wazima kweli. Mmoja, mwalimu mstaafu, alihitaji miwani tu. Na kulikuwa na mvuvi mmoja ambaye presha ya jicho ilikuwa imepanda taratibu mwaka mzima bila maumivu, ikamla uoni kutoka pembeni kwenda ndani. Daktari alisema walichoweza ni kuizuia isiendelee. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Mwenzangu aliniambia mvuvi yule hakukasirika, alishukuru kwa kufuatwa. Nilimwomba asinisimulie zaidi.

Bibi wa Mkolani alikuja kliniki siku yake, ameshikwa mkono na mama jirani. Daktari alimsalimia kwa Kisukuma, wakacheka, halafu akalitazama jicho la kulia kwa hadubini muda mrefu mno. Mimi nilikuwa nimeshika kope.

"Kuna utando nyuma ya lenzi tuliyoweka," akaniambia kwa sauti ya chini. "Huo tutautoboa kwa mwanga wa leza leo hii, hakuna kisu. Lakini nyuma ya utando kuna kovu. Jicho lilivimba ndani baada ya upasuaji. Kwa dawa ya matone, kama tungeliona wiki ya sita..." Akaacha. Akarudia kwa bibi, kwa Kisukuma, maelezo marefu, na niliona uso wa bibi ukisikiliza kwa adabu. Baadaye mama jirani alinifasiria. Daktari alikuwa amemwambia kwamba jicho halikupona vizuri, kwamba hilo hutokea, kwamba hospitali ilipaswa kuliona mapema na haikuliona, na kwamba mgonjwa akisema haoni hamtukani mtu.

Leza ilipunguza ukungu. Jicho la kulia likapata mistari miwili ya juu ya kibao, haikuzidi. Kilichobaki kilikuwa jicho la kushoto, nalo lilihitaji kisu, na safari hii binti hakuweza kufichwa, kwani bibi alitakiwa kulala wodini na mtoto alihitaji mama yake. Jirani ndiye aliyempigia.

Alifika kutoka Geita na begi dogo begani. Tulikutana kwenye korido ya wodi. Nilimtambua mimi kwanza, nikadhani naweza kupita. Akasimama mbele yangu.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema bila shaka."

"Nilisema."

Watu walikuwa wanapita na machupa ya uji. Aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mwanangu amefungwa kamba kama mbuzi kwa mwezi mzima. Mimi huko napikia wanaume mia moja, napiga simu kila jioni, mama ananiambia leo nimemwona anacheza hivi, leo amevaa hivi. Alikuwa anatunga."

"Nisamehe, dada."

"Msamaha wako niuweke wapi?" Alisubiri kana kwamba alitaka jibu hasa. Nikampisha. Akaingia wodini.

Asubuhi ya kufungua bandeji mimi sikuruhusiwa chumbani. Nilisimama nyuma ya pazia pamoja na dereva, ambaye hakuwa na kazi yoyote hapo. Tulisikia plasta ikibanduliwa, maji yakimwagwa kwenye kibakuli, mwenzangu akimwambia bibi fungua taratibu. Nilihesabu pumzi zangu. Moyoni niliona lile la kulia limezibwa, kingo zote, na kibao kimeinuliwa, na mkono wa bibi umebaki hewani kama siku ile.

"Juu," bibi akasema.

"Endelea."

"Kulia. Chini. Kulia tena. Hii... kushoto."

"Endelea, bibi."

Aliendelea mpaka sauti yake ikaanza kuchoka, mistari mingi kuliko niliyothubutu kutaraji. Dereva alinigusa begani, akaondoka haraka akijifuta uso kwa mkono wa shati. Mimi nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Baadaye bibi akaomba kuniona. Nikaja mbele yake, akanitazama juu hadi chini bila haraka.

"Kumbe una mvi!" akasema. "Kwa sauti nilidhani ni msichana wa miaka ishilini." Akacheka hadi akashika ukingo wa kitanda. Binti yake alikuwa upande wa pili wa kitanda, mtoto amempakata, hakucheka, lakini hakunigeuzia mgongo.

Kazi yangu sikuipoteza. Nilirudishwa wodini kwa miezi kadhaa, kisha nikaruhusiwa kupima tena, na mwanzoni mwenzangu alisimama nyuma yangu. Matokeo ya siku zile tisa yaliandikwa kwenye ripoti kama yalivyokuwa, kosa na masahihisho yake. Binti aliamua kumchukua mtoto. Alipata chumba karibu na kambi, na mwanamke wa kumwangalia akiwa jikoni. Bibi alibaki Mkolani na jirani yake.

Miezi minne baadaye simu yangu ililia nikiwa kliniki. Namba ya yule binti, Geita. Nilitoka nje kuipokea.

"Sista, mama anarudi kliniki lini?"

"Jumatano, saa mbili asubuhi."

"Na lile jicho la kulia. Litabaki vilevile?"

"Litabaki vilevile," nikasema.

Nilisikia masufuria nyuma yake, na mtu akiita wali.

"Nitamleta mwenyewe," akasema, akakata.